Kumtengenezea Mahali Mgeni Asiyepiga Hodi Bado

Katika nyumba zetu za Ugogo mgeni hatandikiwi ngozi kabla hajaonekana. Apigapo hodi ndipo watoto huambiwa wasogee, ndipo mama wa nyumba hutazama kama unga upo. Walakini siku hizi imeingia desturi nyingine, isiyo ya nyumba moja bali ya miji na mikoa mizima, nayo ni kumtengenezea mahali mgeni ambaye jina lake halijulikani, wala siku ya kuja kwake. Mgeni huyo ni mwenye kiwanda. Mahali pake hupimwa, hufyekwa, husawazishwa, hupelekewa barabara na maji na umeme, na ikiwezekana tawi la reli. Kisha watu hungoja. Twataka kuuliza neno moja juu ya desturi hiyo. Je, ni haki kumwondoa mtu shambani mwake leo, kwa ajili ya mtu ambaye huenda akaja kesho, na huenda asije kabisa?

Swali hili hatukulibuni. Tangu tarehe 25 Julai 2024 treni za reli mpya, ile iitwayo SGR, zachukua abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma kwa muda usiotimiza saa nne. Kwa reli ya kwanza, iliyoanzwa na Wajerumani mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, safari hiyo ilikula usiku mzima na zaidi. (Wazee wetu wangali wakisema gari la moshi, ingawa hili jipya halina moshi hata kidogo, maana lavutwa kwa umeme.) Mwaka 2025 treni za mizigo nazo zikaanza, na huko Kwala, mkoa wa Pwani, ikafunguliwa bandari kavu, na jirani yake lipo eneo kubwa la viwanda. Hapa kwetu eneo la Nala, kwenye barabara iendayo Singida, limetengwa kwa kazi hiyo hiyo. Mwaka 2021 Rais Évariste Ndayishimiye wa Burundi aliweka hapo jiwe la msingi la kiwanda cha mbolea cha Itracom. Basi watu wakaao kando ya njia, tangu Gulwe na Igandu hata Bahi na Manyoni, wakiona wapimaji na vigingi vyao, huulizana usiku kama zamu yao imefika.

Kwanza yafaa tuwape haki yao wale wanaotayarisha. Wako wasemao kwamba mwenye kiwanda na aje kwanza, mahali patatafutwa baadaye. Hao hawajui kazi ya viwanda, wala ya reli. Treni ya mizigo haisimami popote ipendapo kama basi la kijijini. Kiwanda kitakacho kupakia mbolea, au nafaka, au saruji, sharti kiwe na njia yake ya pembeni, itokayo katika njia kuu, ndefu kiasi cha kuyapokea mabehewa bila kuizuia treni ipitayo, na ardhi yake iwe tambarare karibu kama meza. Isiwe pia katika mapito ya maji. Watu wa Kilosa na Gulwe wanajua jinsi mito ya Mkondoa na Kinyasungwe ilivyoibomoa reli ya kwanza mara nyingi wakati wa masika, hata safari zikakatika. Tena reli zetu mbili hazina upana mmoja: ya zamani ina milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, na mpya ina 1,435, hata behewa la njia hii haliwezi kupita njia ile, na mzigo hauna budi kuhamishwa. Mambo kama haya hayatengenezwi kwa juma moja mgeni akiwa amesimama mlangoni. Mwenye fedha, hasa akiwa amezikopa, huhesabu miezi; akiambiwa angoje miaka mitatu mpaka ardhi ipimwe na nguzo za umeme zifike, atakwenda nchi nyingine, nasi hatutakuwa na la kumlaumu.

Tena tungekuwa waongo tukisema kwamba jembe la mkono na mvua zetu zatosha. Dodoma hupata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Ikikosekana mwezi mmoja, uwele na mtama hukauka. Vijana wetu wauza soksi na maji ya chupa barabarani Dar es Salaam kwa sababu nyumbani hawaoni kazi. Mtu achukiaye viwanda kwa kuwa yeye mwenyewe ana mshahara, asijidai kuwa mtetezi wa maskini.

Basi ubaya, tukiutafuta, haumo katika kutayarisha. Huanza katika neno moja dogo wasemalo watu wa mipango wakiitazama nchi kwa mbali: "Hapa ni patupu."

Neno hilo lina historia hapa hapa kwetu. Mwaka 1946, baada ya vita kuu ya pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Ujumbe ulioongozwa na Bwana Wakefield ukaja Afrika Mashariki, ukaitazama nchi kwa majuma tisa, mara nyingi kwa ndege, ukashauri kulima karanga katika eneo la zaidi ya eka milioni 3, na sehemu kubwa yake katika Tanganyika. Mahali pa kwanza palipochaguliwa ni Kongwa. Kwa nini Kongwa? Sababu kubwa ni kwamba palionekana patupu, tena si mbali na reli ya kati. Matrekta yakaletwa, mengine yakiwa mabaki ya vita, hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta; tawi la reli likajengwa kutoka Msagali; nyumba zikaota kama uyoga. Utayarishaji ule ulikuwa mkubwa kuliko wowote ambao nchi hii ilikuwa imeuona. Mibuyu ikawashinda, nyuki wakawafukuza waendesha mitambo, na udongo, ambao kiangazi huwa mgumu kama sakafu, ukala majembe ya chuma. Mvua nazo zikafanya kama kawaida yake, yaani hazikuja kama zilivyoagizwa. Januari 1951 mpango ukafutwa, na fedha zilizopotea zilikuwa kama pauni milioni 36. Tawi lile la reli likang'olewa. Na ardhi je? Sehemu yake ikawa ranchi ya Kongwa, ikarudia kulisha ng'ombe, kazi ile ile ambayo Wagogo walikuwa wakiifanya kabla ya trekta la kwanza kushuka.

Watu hupenda kusimulia habari ya Kongwa kama kichekesho cha Wazungu. Sisi twaona imebeba jambo la kuumiza zaidi. Mwenyeji wa Kongwa alikuwa anajua kwamba mvua pale ni za wasiwasi. Alijua kwa nini watu wake hawakulima mahali fulani, na kwa nini walihama na mifugo wakati fulani. Ile nafasi iliyoonekana tupu kutoka angani ilikuwa elimu yake, imeandikwa juu ya nchi: hapa pana malisho ya kiangazi, hapa huachwa lipumzike, hapa maji hutuama. Hakuulizwa kwa namna ambayo jawabu lake lingeweza kubadili kitu. Hapo ndipo haki na busara huonekana kuwa ndugu wa tumbo moja, maana kumdharau mwenye nchi kulikuwa dhambi, na dhambi hiyo hiyo ndiyo iliyopoteza fedha.

Wasomaji wetu wanaijua habari ya shamba la mizabibu la Nabothi, katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 21. Sisi wa Dodoma twaielewa kuliko wengi, kwa kuwa mizabibu ni yetu, nayo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mara nyingi habari hiyo huhubiriwa kana kwamba Ahabu alikuja na upanga. Sivyo. Ahabu alikuja na fidia. Aliahidi shamba lililo bora zaidi, au fedha kwa thamani yake, na haja yake, bustani ya mboga karibu na nyumba, haikuwa mbaya yenyewe. Nabothi akakataa, kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Yaliyofuata yangali yanatuogofya, kwa sababu taratibu zote zilishikwa: barua zikaandikwa na kutiwa muhuri, mkutano ukaitwa, wazee wakaketi, mashahidi wakapatikana wawili kama sheria itakavyo. Mtu akaangamizwa kwa karatasi zilizokamilika. Kwa hiyo atuambiapo mtu kwamba utaratibu ulifuatwa, tusiseme bado kwamba haki ilitendeka. Tuulize kama yule mwenye shamba angeweza kusema hapana, naye akalala salama nyumbani mwake.

Tumwangalie na Abrahamu, alipotaka mahali pa kumzika Sara. Yeye ndiye aliyekuwa mgeni, naye alikuja mwenyewe. Efroni alitaka kumpa bure, au angalau ndivyo alivyosema kwa adabu ya wenyeji. Abrahamu akakataa kupewa, akapima fedha shekeli 400 mbele ya watu wote langoni pa mji, na mapatano yakataja shamba, na pango, hata miti iliyokuwa ndani ya mipaka yake. Fedha ilitangulia, kaburi likafuata. Hakusema, "Niachieni pango hili, nikipata nitawalipa."

Twataja jambo hili la kutangulia na kufuata kwa sababu ndilo lenye uzito wote katika shauri letu. Sheria za nchi yetu, kwa kweli, si mbaya. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe upesi. Kanuni za mwaka 2001 zataja bei ya soko, na posho ya usumbufu, ya usafiri, na ya makazi. Kwa ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio ukubalio au ukataao kuihamisha. Ikizidi hapo, kijiji hutoa maoni yake, na uamuzi ni wa waziri. Tena fidia sharti ipatanwe kabla ardhi haijahamishwa. Mtu akizisoma sheria hizi atasema kwamba Abrahamu mwenyewe aliketi katika kamati.

Shida iko katika muda wa kungoja. Mthamini huja, huhesabu nyumba na miti, huandika, hupiga picha, huondoka. Tangu siku ile, chochote kitakachoongezwa hakihesabiwi. Basi mwenye shamba afanye nini? Akipanda mizabibu mipya, ambayo yataka miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, amepanda hasara. Akitengeneza paa la tembe lake linalovuja, ametupa fedha. Akitaka kumwoza mwanawe na kumjengea, amjengee wapi? Yeye hakufukuzwa, aweza kukaa. Lakini hakai kama mwenye nyumba, anakaa kama abiria stesheni, mzigo umefungwa, na treni haijulikani itakuja saa ngapi. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 yatambua taabu hii, ikasema fidia isipolipwa katika miezi sita huongezewa riba, na ikipita miaka miwili bila kulipwa uthamini huo hufa. Maana yake hesabu zaanza upya, na kungoja kwaanza upya. Huko Bagamoyo eneo kubwa lilitengwa kwa viwanda na bandari, na madai ya fidia ya wenyeji yakadumu miaka mingi, hata yakafika Bungeni.

Twasema waziwazi: kungoja huko nako ni mali, nayo huchukuliwa bila kulipwa. Mkoa hupata jina la kuwa na ardhi tayari. Mwenye kiwanda, akija, hupata mahali bila kungoja. Na miezi ile ambayo yeye hakuingoja imekwisha kungojwa na mtu mwingine, aliye maskini kuliko wote watatu. Hatuoni hoja yoyote ya haki iwezayo kumtwika huyo gharama hiyo.

Tena wako wengine ambao hata katika kungoja hawahesabiwi. Karatasi huandika nyumba, kisima, mti uliopandwa. Haiandiki njia ya ng'ombe iendayo majini. Haiandiki pale wanawake waokotapo kuni, wala wachumapo mlenda wakati wa mvua, ambao huwa kitoweo cha nyumba nyingi za Ugogo mwaka mzima ukiisha kukaushwa. Hiyo si mali ya mtu mmoja, na kwa hiyo katika hesabu huwa si mali kabisa. Uzio wa kiwanda ukisimama, mwenye shamba amelipwa, na jirani yake mjane asiye na shamba amepoteza mboga na kuni, wala hakuna aliyemwibia.

Atatokea mtu aseme: Wachache sharti waumie ili wengi wapone; hata reli yenyewe isingepita kama kila mwenye kiraka cha mtama angeombwa ruhusa. Hoja hii ina nguvu, nasi hatuidharau. Reli ikipinda kumkwepa kila mmoja haitafika. Walakini wenye kuitumia hoja hii huwa si wale wachache. Nchi hii ya katikati imekwisha kuombwa kuumia kwa ajili ya wengi mara zaidi ya moja. Katika vita kuu ya kwanza majeshi yalichukua nafaka yake na ng'ombe wake na wapagazi, ikafuata njaa ile ambayo wazee waliiita Mtunya. Mwaka 1971 watu wa mkoa huu walihamishiwa vijijini katika Operesheni Dodoma. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yawe hapa, ikaundwa mamlaka ya kuustawisha mji, CDA, na mivutano ya viwanja ikadumu mpaka mamlaka ile ilipovunjwa mwaka 2017. Hatusemi kwamba yote hayo yalikuwa mabaya. Twasema tu kwamba mtu aliyekwisha kutoa mara tatu ana haki ya kuuliza, mara ya nne, kwa nini ni yeye tena.

Lakini je, ipo njia nyingine? Twaona ipo, wala si ya ajabu. Kazi kubwa ya kutayarisha haihitaji kumwondoa mtu awaye yote. Kupima udongo, kuandika mvua, kuchimba kujua kama maji yako chini na ni kiasi gani, kuchora mahali tawi la reli liwezapo kutoka, kuhakikisha nani anamiliki nini na mipaka yake i wapi: yote hayo hufanyika mtama ukiwa umesimama shambani. Na maji yangepimwa kwanza kuliko yote, maana mji wa Dodoma wenyewe hunywa kwa sehemu kubwa kutoka visima vya Makutupora, na kiwanda chenye kiu kikija, swali la nani anywe kwanza litajibiwa na mwenye bomba kubwa. Hayo yakiisha, mkulima na aendelee kulima, akiwa na mapatano yaliyoandikwa: siku mgeni apigapo hodi na fedha mkononi, utalipwa kwa bei ya siku hiyo, utapewa muda wa kuvuna, ndipo utahama. Hilo lingemgharimu mwenye kiwanda msimu mmoja. Mtu aliyekuja kukaa miaka 30 aweza kungoja uwele uive.

Wengine wamewaza zaidi, kwamba kijiji kisiuze bali kipangishe, na kodi iingie mwaka kwa mwaka, ili mjukuu naye apate. Twaipenda fikira hiyo, ingawa yataka viongozi wa kijiji wasiokula kodi. Hapo tumegusa habari nyingine, ambayo ingejaza gazeti zima.

Ndugu walimu na wainjilisti, karatasi za mthamini huletwa kwenu, kwa kuwa ninyi ndio wasomaji wa kijiji. Zisomeni polepole pamoja na mwenyewe, kwa sauti. Hesabuni naye mizabibu, safu kwa safu, mlinganishe na namba iliyoandikwa. Tazameni kama jina la mke limeandikwa pamoja na la mume. Ulizeni kama makaburi yameonyeshwa, maana nayo yana sheria yake. Asiyejua kuandika asitie dole gumba kabla hajasomewa mpaka mstari wa mwisho. Kisha tafuteni tarehe. Na kama imepita miaka miwili wala fedha haijaonekana, mwende naye ofisini mkaombe uthamini mpya, na mrudi na nakala yenye muhuri.